Waliotangulia Joshoni

Jumanne, 30 Oktoba 1956

Dawa mpya ya josho, ya kuua kupe wa ng'ombe, imefika. Lori la idara ya mifugo kutoka Voi lilishusha magunia sita, na dereva akanipa karatasi ya Kiingereza nitie sahihi, nakala nikabaki nayo. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne kule juu Sagalla, na Kiingereza changu ni cha salamu tu. Nikamwuliza, "Hii inatiwaje?" Akasema, "Kama ile ya zamani, karani. Unatia, unaogesha, basi." Akaondoka bila kuzima injini.

Dawa ya zamani ilikuwa ya maji, sumu ya kuua mtu. Nimeitumia miaka sita. Hii ni unga wa kijivu, unanuka ukungu kama nyumba iliyofungwa masika nzima. Wanaume wanne walinisaidia kutia magunia mawili kwenye josho safi na kuuvuruga kwa miti mpaka maji yakawa meupe kama uji mwepesi. Ng'ombe 212 wameruka ndani, wakaogelea mpaka ng'ambo. Kupe walidondoka njiani kama mbegu. Nimeridhika.

Jumanne, 6 Novemba

Ng'ombe 198. Mvua bado.

Kama kawaida, walioanza ni wangu wawili, maana karani haogeshi wa watu kabla hajaonyesha wake. Wakafuata kumi na mmoja wa Mama Tryphena, mjane wa fundi wa reli, ambaye huwa yuko langoni kabla jua halijatoka Sagalla. Wa mwisho, kama kawaida, ni Kituku, yule Mkamba aliyehamia karibu na njia ya reli miaka mitatu iliyopita. Alifika saa tano na nusu, watu wote wameshaenda. Sijui kwa nini mtu achelewe hivyo kila wiki.

Jumamosi, 10 Novemba

Mvua ya kwanza ya vuli. Tumepanda.

Jumanne, 13 Novemba

Ng'ombe 205. Matope mpaka vifundoni. Maji ya josho asubuhi yalikuwa mazuri, unaona mpaka ukuta wa ndani. Nikasema hii dawa ni safi kuliko ile ya zamani.

Jumanne, 20 Novemba

Ng'ombe 201. Jambo moja niliandike lisije likanipotea. Baada ya ng'ombe wa Kituku kutoka, nilikwenda nyuma ya kibanda kunawa. Niliporudi nikamkuta ameinama kwenye mtaro wa kutolea maji, anachota tope kwa kopo la samli. Aliponiona hakushtuka. Akasema, "Karani, nachukua kidogo." Akafunika kopo kwa jani akaenda zake.

Mtu anachukua tope la josho la nini?

Ijumaa, 23 Novemba

Ng'ombe wangu mwekundu hali majani. Tezi ya chini ya sikio imevimba kama yai. Wakesho, mke wangu, alimshika akasema ana moto. Nikamwambia ni jua. Akaenda kumtekea maji.

Jumapili, 25 Novemba

Baada ya ibada Mama Tryphena alinishika mkono. Wawili wa kwake wamevimba vivyo hivyo, na mmoja anakohoa. Akasema, "Obadiah, sijakosa Jumanne hata moja."

Jumanne, 27 Novemba

Ng'ombe 190. Wengine wamebaki nyumbani kwa sababu hawawezi kutembea. Ni ndigana, hapana shaka tena, na ndigana huletwa na kupe. Lakini tunaogesha kila wiki! Niliwakagua walipokuwa wakipita. Wa Mama Tryphena wana kupe ndani ya masikio na chini ya mkia, wanene kama maharagwe. Ng'ombe kumi na wanane wa Kituku nimewatazama mmoja mmoja. Hawana hata kupe mmoja. Manyoya yanang'aa.

Nilimwuliza, "Wako unawafanya nini?"

Akasema, "Nawaleta kwako tu, karani."

Alitabasamu. Sikupenda lile tabasamu.

Alhamisi, 29 Novemba

Mwekundu amekufa alfajiri, povu puani. Wakesho alilia kama aliyefiwa na mtu. Yule ng'ombe ndiye alikuwa maziwa ya mtoto wetu mdogo na ada ya shule ya binti yetu Peris.

Jumatatu, 3 Desemba

Wa Mama Tryphena: wawili wamekufa. Wa jirani yangu wa juu: mmoja. Mvua haiachi.

Nimehesabu magunia mara mbili. Yaliyobaki ni manne, kama inavyotakiwa, lakini kamba ya moja naona haikufungwa kwa mkono wangu. Au ilikuwa hivyo tangu Voi? Sikumbuki. Kuanzia leo natia kufuli kubwa mlangoni mwa kibanda.

Jumanne, 4 Desemba

Ng'ombe 171. Leo watu hawaongei na Kituku. Alipofika wakabaki kumtazama, na hakuna aliyeondoka kwenda nyumbani. Mzee mmoja aliniuliza kwa sauti, makusudi asikie, "Karani, hebu tuambie, kwa nini wake hawafi?" Nikasema sijui. Kisha nikasema nimewahi kumwona akichota tope la josho.

Sikupanga kusema. Lilitoka. Niliwaona wakigeuka wote pamoja.

Ijumaa, 7 Desemba

Nimemwandikia chifu barua. Niliandika tu niliyoyaona: kuchelewa kila wiki, kopo la tope, ng'ombe wasiokuwa na kupe. Sikuandika neno uchawi. Nilifikiri nisipoliandika litakuwa halipo.

Wakesho aliuliza naandika nini. Nikamwambia mambo ya kazi.

Jumanne, 11 Desemba

Sikuogesha mpaka mchana. Chifu alikuja na askari wawili, baraza likafanyika pale pale joshoni. Mama Tryphena alisimama kwanza. Amebakiwa na saba. Hakupiga kelele, alitaja tu waliokufa, mmoja mmoja kwa jina, na kila jina watu walikuwa wakiguna.

Chifu akasoma barua yangu. Hakusema ni ya nani, lakini mwandiko wangu nani asiyeujua?

Kituku akaulizwa. Alisimama na kofia mkononi. Kiswahili chake ni cha polepole.

"Tope nilichukua," alisema. "Mbwa wangu alijaa kupe. Nilimpaka lile tope la chini, kupe wote wakaanguka siku ile ile. Tope lile lina nguvu. Karani alikuwapo, nilimwambia nachukua."

Watu wakacheka. Mtu akasema, "Mbwa!"

"Na kuchelewa?" chifu akauliza.

Kituku akanitazama mimi. "Nilipohamia hapa karani aliniambia mgeni asiwatangulie wenyeji. Nikasema sawa. Nangoja barabarani mpaka mkimaliza."

Nilisema hivyo kweli. Mwaka ule wa kwanza, siku ya kwanza kabisa. Nilitazama chini, na nilikaa kimya.

Chifu alisema siku hizi za hali ya hatari hataki fujo katika lokesheni yake, na mtu asiyetakiwa na wenyeji ni fujo. Akampa siku tatu. Mkewe, Wayua, alikuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni. Aliuliza, "Tumefanya nini?" Askari wakaanza kututawanya, na yeye hakuuliza mara ya pili.

Ijumaa, 14 Desemba

Wamepita asubuhi wakiswaga ng'ombe kuelekea upande wa Mwatate. Baadhi ya watu waliwarushia maneno. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda nikipanga daftari.

Jumanne, 18 Desemba

Ng'ombe 148. Nilidhani leo nitalala vizuri. Lakini mchana Mama Tryphena alinionyesha ndama wa mwisho wa ng'ombe wake wa maziwa. Tezi imeanza.

"Yule Mkamba ameondoka, leo siku ya nne," akaniambia. "Nani anatuua sasa?"

 Njiani nikafikiri: dawa yenyewe. Voi wanaiuza nzuri, sisi wanatuletea unga wa mhogo. Nikarudi joshoni, ng'ombe wa mwisho ndio kwanza anatoka, nikateka maji kwenye chupa. Meupe, mazito, yananuka. Nimeyaziba na kuyaweka juu ya rafu kibandani, nitayapeleka Voi yapimwe.

Jumatano, 19 Desemba

Chupa imebadilishwa! Nimefungua kibanda asubuhi, kufuli haikuguswa, na ndani ya chupa kuna maji kama ya mvua, maangavu, na chini tope la kijivu unene wa kidole. Mtu ameingia akamwaga ya kwangu akatia maji ya mtaroni. Nani ana ufunguo? Mimi na Wakesho.

Nilimwuliza Wakesho.  Akasema, "Baba Peris, umeanza na mimi sasa?"

Sikula mchana.

Alhamisi, 20 Desemba

Nilichota chupa nyingine kutoka joshoni baada ya kuvuruga kidogo kwa ndoo. Nikaziba kwa nta, nikaifungia ndani ya sanduku langu la nguo, ufunguo nikauvaa shingoni. Saa nne ilikuwa nyeupe. Saa kumi nikafungua. Maangavu juu, tope chini, na nta haijaguswa.

Niliitikisa kwa hasira. Ikarudi kuwa nyeupe mkononi mwangu.

Nilikaa kitandani, chupa mapajani, sijui nimshuku nani.

Jumamosi, 22 Desemba

Nimepanda Sagalla kwa mwalimu Alexander Mwandawiro, binamu yangu. Shule imefungwa, nikamkuta anatengeneza banda la kuku. Nilimweleza yote. Alichukua ile chupa, akaitazama, akaitikisa, akaiweka juu ya jiwe.

"Dawa yenu ya zamani," akauliza, "ilikuwa ikifanya hivi?"

"Hapana. Ile ukishaitia, imetiwa. Hata ikae mwezi."

Akaingia ndani akatoka na bilauri mbili za maji. Ya kwanza alitia chumvi, akakoroga, chumvi ikapotea. Ya pili alisaga chaki ya shuleni akaitia, akakoroga, maji yakawa meupe. Tukakaa kunywa chai. Tulipomaliza, chaki yote ilikuwa imelala chini.

"Onja ya juu," akasema, akinipa ile ya chumvi. Nikaonja. "Sasa nyonya ya chini kwa unyasi." Chumvi ile ile, juu na chini.

Kisha akayamimina yote mawili kwenye kitambaa, moja baada ya jingine. Maji ya chumvi yalipita na chumvi yake, hakukubaki kitu. Chaki ilibaki kwenye kitambaa.

"Chumvi imeyeyuka," alisema. "Imegawanyika mpaka huwezi kuiona, na haishuki tena. Hiyo tunaiita myeyuko, kila tone ni sawa na jingine. Chaki haikuyeyuka, imechanganyika tu. Vipande vyake vinaelea wakati unakoroga, ukiacha vinazama. Huo ni mchanganyiko. Dawa yenu ya zamani ilikuwa kama chumvi. Hii mpya ni kama chaki, Obadiah. Ikikaa wiki nzima, dawa iko chini na juu ni maji matupu."

Nilimpa ile karatasi ya dereva, nilikuwa nayo mfukoni. Aliisoma, akaisoma tena.

"Imeandikwa nini?"

"Koroga vizuri kabla ya kila kuogesha. Imeandikwa mara mbili, mara ya pili kwa herufi kubwa."

Jumapili, 23 Desemba

Sikwenda ibadani. Nimefungua daftari la josho, ambamo naandika kila kundi kwa zamu lilivyoruka. Waliokufa wote wametoka kwenye makundi matano ya mwanzo. Ng'ombe wa mwanzo wanaruka kwenye maji matupu. Kwa kuruka wao wenyewe wanavuruga tope, na kadiri wanavyofuatana dawa inapanda. Wa katikati wanapata kidogo. Wa mwisho wanapata yote.

Wa mwisho alikuwa Kituku. Na aliwaambia mbele ya chifu na askari kwamba tope la chini lina nguvu. Katika watu wote waliokuwapo pale, ni yeye peke yake aliyeijua dawa ya josho langu.

Mama Tryphena aliamka kabla ya jua kila Jumanne ili ng'ombe wake wafe. Na wa kuwaua nilikuwa mimi.

Jumatatu, 24 Desemba

Kwa chifu. Nilimwomba barua yangu nirudishiwe. Akasema imeshakwenda Voi kwa Bwana D.C., mkuu wa wilaya, imetiwa kwenye faili. Nikamwambia iliyomo si kweli. Akasema, "Kwani uliandika uongo?" Nikasema hapana, niliandika niliyoyaona. Akasema, "Basi nenda kasherehekee Krismasi."

Nimeandika barua ya pili, naye akaipokea. Sijui kama itakwenda.

Jumatano, 26 Desemba

Tuliogesha leo badala ya jana. Nilifika saa kumi na moja alfajiri na mti mrefu, nikakoroga peke yangu mpaka viganja vikachubuka. Tope lilipanda likiwa zito kama ugali wa mgonjwa. Watu waliuliza nafanya nini. Nikasema maagizo mapya. Nilikuwa mwoga.

Jumanne, 1 Januari 1957

Ng'ombe 142, na kupe wanaanguka hata kwa wa kwanza. Nimesema. Nilipanda juu ya ukuta wa josho watu wakiwa bado wapo, nikawaambia yote, karatasi, chupa, daftari, na kwamba Kituku hakufanya lolote. Wengine walisema ni dawa ya Wazungu ndiyo mbaya. Mzee mmoja alisema najitetea. Mama Tryphena alingoja mpaka wote walipoondoka.

Kisha akaja karibu. "Saba wamekufa, Obadiah."

"Najua, mama. Mtamba wangu aliyebaki ni wako. Nitamleta kesho."

"Mlete," akasema. "Lakini mimi nilisimama mbele ya wale watu wawili na mtoto wao nikawahesabia ng'ombe. Hilo nitamlipa nani?"

Jumamosi, 5 Januari

Voi. Mulei, Mkamba anayefanya kazi kwenye reli, amenieleza walikokwenda. Kituku yuko Mboghoni, upande wa Taveta, kwa shemeji yake Maundu. Walitembea siku saba. Simba walichukua mmoja karibu na Maktau. Nimeomba ruhusa ya siku nne, kuanzia Jumatano.

Wakesho atanifungia chakula. Akasema, "Ukifika usianze kwa kujieleza."

Ijumaa, 11 Januari

Ndani ya treni ya kurudi Voi. Naandika ya jana, mkono unaruka kwa sababu ya behewa.

Nilishuka Taveta juzi, nikalala kwa mtu wa kanisa. Jana nikaenda Mboghoni kwa miguu, kumekwisha kucha. Nilifika kwa Maundu saa moja na nusu. Wayua alikuwa anafagia. Alinijua kabla sijasema hodi, akasimama na ufagio.

"Umetufuata na huku?"

Nilikumbuka maneno ya Wakesho. Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Mume wako hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu."

Hakunikaribisha kukaa. Nilipouliza alipo Kituku akasema, "Joshoni. Siku hizi anatoka mapema kushinda watu wote. Hataki tena aulizwe kwa nini ni wa mwisho."

Nikauliza, "Josho la hapa linatumia dawa gani?"

"Nitajuaje? Unga fulani. Umeanza mwezi uliopita."

Nilitazama zizini. Ng'ombe wanne walikuwa wamebaki, hawakwenda na wenzao. Sikuhitaji kuwakaribia, tezi zilionekana kutoka nilipokuwa nimesimama.

Nilikimbia. Nina miaka hamsini na moja na nilikimbia kando ya mfereji wa migomba mpaka koo likawa na ladha ya damu. Joshoni makundi mengi yalikuwa yamejipanga, na Kituku alikuwa wa kwanza kabisa, ng'ombe wake wa mbele ameshaingizwa kwenye ujia. Maji ya josho yalikuwa maangavu. Niliona ukuta wa ndani.

Sikumwambia mtu neno. Niliona boriti imelala kando ya kibanda, nikaichukua, nikaitumbukiza na kuanza kuvuruga. Lile tope la kijivu likaanza kupanda.

Karani wa pale, anaitwa Crispus, alinidaka shati kwa nyuma. "Wewe ni nani? Unatia nini kwenye josho langu?"

"Sitii kitu! Nakoroga! Dawa iko chini!"

"Anatia sumu!" mtu akapiga kelele. Watu wakaja na fimbo. Mmoja alinipiga begani, mwingine akaninyang'anya boriti. Nilijaribu kueleza chumvi na chaki, na hata mimi nilijisikia kama mwendawazimu. Crispus akauliza, "Kuna mtu anayemjua huyu?"

Kituku alikuwa umbali wa hatua tano, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe wake. Alinitazama. Angeweza kunyamaza. Mimi nilinyamazia la kwangu, siku ile ya baraza, na yeye alikuwa akinitazama hivyo hivyo.

"Mimi namjua," akasema. "Ni karani wa josho kule Voi. Mwacheni aseme."

Nikasema, mbele ya Wataveta na Wakamba wote wale. Hata ile barua yangu kwa chifu sikuificha. Crispus alikwenda kibandani akaleta karatasi yake, ya Kiingereza kama yangu, naye hakujua kuisoma. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la mkonge aliisoma kwa kidole, neno moja moja, akasema, "Ni kweli. Wanasema koroga."

Walinirudishia boriti. Crispus akashika nyingine, tukakoroga mpaka maji yakawa meupe toka mwanzo mpaka mwisho, na harufu ile ya ukungu ikapanda.

Kituku alikuja kusimama karibu nami. Nikamwambia wale wanne nyumbani, naogopa hawatapona. Akasema anajua. Nikamwambia nimeandika barua nyingine kwa D.C., arudi akitaka. Akatikisa kichwa. Hakukasirika, alikuwa amechoka tu.

"Kwenu nilikuwa wa mwisho, mkanifukuza," akasema. "Hapa nikawa wa kwanza, ng'ombe wanakufa. Sasa niambie wewe, karani, niingie wa ngapi?"

"Leo ingia wa ngapi upendavyo," nikamwambia. "Maji ni sawa kwa wote."

Aliyatazama maji. Kisha akachukua boriti mkononi mwangu, akaitumbukiza mpaka chini, akakoroga mwenyewe mara tatu, nne, akaitoa na kuitazama ncha yake kama imeshika tope. Hapo ndipo alipogeuka kuwaita ng'ombe wake.